Watatu na Mkia

Nyumba ile ile uliyoiacha,
Ghorofa ya pili, mlango wa mwisho.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichokitaja kimekwisha. Mama anauliza kama sasa unakunywa maji, au bado unaishi kwa chai. Baba hakuuliza kitu, ila alisimama nyuma ya kiti changu tangu nilipotoa karatasi mpaka nilipomaliza kuandika tarehe, kisha akaenda zake. Nadhani hiyo ndiyo salamu yake. Bibi hajambo. Habari ya mguu wake nitaieleza mbele, kwa sababu imefungamana na jambo lililonifanya niandike.

Mimi sijambo pia. Mitihani ya nusu muhula imekwisha. Nimekuwa wa nne darasani. Katika biolojia nimekuwa wa kwanza, ingawa ukimaliza kusoma barua hii huenda ukashangaa ilikuwaje.

Barua yako ya mwezi uliopita tuliipata na Baba akaisoma kwa sauti sebuleni. Tumefurahi kwamba umeongezewa mkataba wa miaka mitatu. Ulisema pia kwamba kwa kuwa hurudi karibuni, si haki tangi lako la samaki liendelee kula nafasi ya watu, na kwamba umemwandikia mwalimu wetu wa biolojia aje alichukue liwe la shule. Mwalimu amekwisha kunisimamisha kwenye korido. Alisema, "Nasikia tunapata tangi. Jumamosi ya mwisho ya mwezi nakuja na mkokoteni." Nilimwambia sawa, Mwalimu. Kisha nikarudi nyumbani nikafikiri siku tatu.

Shangazi, nakuomba uliache tangi hapa. Lakini siwezi kukuomba vizuri kabla sijakwambia kwamba mwezi wa pili nusura niliue lote. Sikukwambia. Nakwambia sasa.

Unakumbuka kwamba Bibi alilazwa baada ya kuvunjika mfupa wa paja. Alipokaribia kuruhusiwa, Mama aliamua kwamba nyumba iwe safi kuliko wodi aliyotoka. Unamjua Mama. Mtu aliyesimamia chumba cha kufulia cha hospitali kwa miaka kumi na sita haoni kitambaa, anaona vijidudu. Mapazia yalichemshwa. Foronya zilichemshwa. Baba alisema kwamba akikaa sana na yeye atatiwa kwenye sufuria, akaenda karakana kukata vioo siku ambayo haikuwa ya kazi.

Mimi nilipewa sebule. Nilifuta rafu, nikafuta miguu ya meza, kisha nikasimama mbele ya tangi. Uliponiachia ulinionyesha kulisha, kuwasha taa na kuzima taa, na kuongeza maji yakipungua. Kuhusu kusafisha ulisema, "Usiliguse sana." Nilidhani unaniambia hivyo kwa sababu nilikuwa mdogo. Sasa nilikuwa na miaka kumi na minne, na nililiona tangi kwa macho ya mama yangu: kisiki kina utelezi, mawe yana utando wa kijani, kokoto zimejaa takataka za majani, na ile sponji ya chujio ni nyeusi kama kifutio cha ubao.

Basi nililisafisha. Niliwahamishia samaki kwenye beseni. Nilimwaga maji yote. Kokoto nilizisuuza kwenye ndoo mara tisa, mpaka maji yalipotoka meupe, na udongo wote uliokuwa chini yake ukaenda na maji. Mawe niliyachemsha. Kisiki nilikisugua kwa brashi. Mimea niliing'oa, nikakata kila jani lenye doa, na lililobaki halikuzidi kiganja. Sponji niliichemsha dakika ishirini katika sufuria ya mapazia, kama Mama anavyofanya kwa vitambaa vya wagonjwa. Nikajaza maji ya bomba, yale yenye harufu ya dawa, nikawarudisha samaki. Mama alipita akaangalia, akasema, "Hapo sasa." Haniambii hivyo mara nyingi.

Jioni hiyo hiyo nilikuandikia kwamba tangi linang'aa na samaki wote kumi na mmoja wako salama. Kila neno lilikuwa kweli. Baada ya siku tatu halikuwa kweli tena, nami sikuandika barua nyingine.

Bibi alirudi siku ya pili yake. Tulimweka kwenye kiti chake, mbele ya tangi kama zamani. Alitazama kwa muda. Akauliza, "Wamehama?" Nikamwambia hapana Bibi, wamo, watazame. Akasema, "Nawaona. Lakini hiki sasa ni chumba cha hoteli. Wenyewe wako wapi?" Nilidhani ni dawa za maumivu zinazungumza.

Siku ya tatu maji yalikuwa kama ya kuoshea mchele. Samaki wote walikuwa juu, midomo nje, wanahema. Niliongeza dawa ya samaki iliyokuwa kabatini. Hilo pia lilikuwa kosa. Wale wadogo wa mstari wa buluu walianza kufa asubuhi ya nne, na kufikia Ijumaa walikuwa wamekufa saba. Niliwatoa kwa chujio la chai kabla Bibi hajaamka, lakini Bibi anajua kuhesabu. Hakunigombeza. Aliniomba nimgeuzie kiti kielekee dirishani. Dirisha lile, kama unavyokumbuka, linatazamana na ukuta wa jirani.

Walibaki wanne. Watatu wa mstari wa buluu, mmoja wao ni yule Bibi aliyempa jina la Shemeji kwa sababu haonekani mpaka chakula kifike mezani. (Baba anasema anajua ni shemeji gani aliyefikiriwa, ila hatamtaja.) Na wa nne ni Mkaguzi, yule kambare mdogo wa chini anayepitia kila kokoto kama mtu aliyetumwa na serikali.

Sasa habari ya mguu. Mtaalamu wa mazoezi wa hospitali alikuja nyumbani akasema Bibi atembee kila siku kwa fimbo, hata hatua chache, la sivyo mguu utakauka. Kutoka mlango wa chumba chake mpaka kwenye tangi ni hatua kumi na nne. Mama alimhimiza. Bibi akasema, "Nitembee niende wapi?" Mama akasema nenda sebuleni. Bibi akasema, "Sebuleni kuna nini?" Mimi nilikuwepo nasikia, nikaendelea kukunja nguo.

Siku ya pili yake, baada ya masomo, nilikwenda kwa muuza samaki wa mapambo, yule mwenye kibanda nyuma ya stendi, ambaye watu wanamwita Mapovu. Nilimweleza yote kwa mpangilio, kama tulivyofundishwa kueleza jaribio: vifaa, hatua, matokeo. Alisikiliza akiwa ameshika mpira wa maji. Nilipofika kwenye kuchemsha sponji aliuweka mpira chini.

"Ulichemsha?"

"Dakika ishirini."

"Na chumvi ulitia, au ulikula hivyo hivyo?" Kisha akaona sicheki. "Sikiliza, dada. Mle ndani ya sponji mna wafanyakazi. Bakteria. Wanakula uchafu wa samaki, wanaufanya usiwe sumu. Wapo kwenye sponji, kwenye kokoto, kwenye mawe, kila mahali pale palipokukera. Wewe umewafukuza wote siku moja, halafu unashangaa ofisi haifunguki."

Nilimwambia nyumbani kwetu tumefundishwa kwamba bakteria ni wa kuuawa. Akasema, "Kwa shuka, mwachie mama. Kwa samaki, njoo kwangu."

Alichukua sponji kuukuu kutoka kwenye tangi lake, akaikamulia ndani ya mfuko wa plastiki. Maji yaliyotoka yalikuwa ya rangi ya kahawa. Akakata na kipande cha ile sponji, akakitia humo humo, akafunga fundo. Alisema maji hayo niyamimine kwenye chujio langu na kipande kile kikae kando ya sponji yangu mwezi mzima. Alinipa sheria chache nikaziandika nyuma ya daftari la jiografia. Maji ya bomba yalale kwenye ndoo siku nzima kabla ya kutumika. Kila wiki nibadilishe robo tu, si zaidi. Sponji isuuzwe kwa maji ya tangi lenyewe, kwenye beseni, na isiwe safi. Taa isizidi saa nane kwa siku. Na nisinunue samaki mpya hata mmoja mpaka mimea iwe imeshika mizizi, hata nikimwomba.

Shangazi, nadhani unaweza kuona nilivyoingia mlangoni na ule mfuko. Mama alikuwa ametoka kazini.

"Hicho nini?"

"Ni uchafu, Mama."

"Naona ni uchafu. Nauliza unakwenda nao wapi."

"Kwenye tangi."

Alikaa. Akasema, "Leo nimefua shuka mia mbili na arobaini za watu. Mwanangu mwenyewe ananiletea maji ya mtaroni kwenye mfuko na kuniambia ni dawa." Nilimweleza. Nilichora na mchoro. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu kwa kweli yeye ni mtu wa kusikiliza, kisha akasema nifanye, ila beseni la samaki litiwe alama nyekundu na lisikae hata siku moja karibu na mabeseni yake. Nimelitia alama pande tatu.

Sponji ilikuwa sehemu rahisi. Ngumu ilikuwa kupanga. Mpangilio wako nilikuwa nimeuharibu, na sikuwa na picha yake. Nilikumbuka tu kwamba mtu akitazama alidhani anachungulia mto mahali ambapo hakuna aliyewahi kupita. Nilirudisha udongo wa chini, laini, unene wa vidole viwili, nikaufunika kwa kokoto ili usitibue maji. Mapovu alinipa vipande vya mimea alivyokuwa anapogoa. Nikapanda. Nilitumia rula. Mirefu nyuma, mifupi mbele, nafasi sentimita tatu, mawe mawili kila upande, kisiki katikati. Mama aliupenda sana mpangilio huo.

Nilimgeuza Bibi kidogo kwenye kiti ili aone. Akasema, "Shamba la shule." Akageuka tena.

Nilibomoa. Safari ya pili niliondoa rula, lakini mawe niliyapanga kuanzia dogo hadi kubwa. Bibi hakugeuza hata kiti, alitazama kwa bega tu. "Naona mkono wako," alisema. Niliuliza maana yake nini. "Maana yake naona mtu alikuwa hapa anapanga. Utoe mkono wako." Mara ya tatu nilisogeza kisiki pembeni, nikakilaza kana kwamba maji yalikileta yakakichoka. Akasema, "Bado. Kidole gumba." Mara ya nne, "Kidole kidogo." Nilitaka kumwambia kwamba kama anaona vizuri hivyo kwa bega, ageuke kabisa. Badala yake nilikwenda kuosha mikono.

Nilianza kutazama. Nikitoka shule napita kwenye kile kijito cha nyuma ya kiwanda cha matofali, nilikuwa nasimama pale darajani. Niliona kwamba mawe makubwa yamezama nusu, hayakai juu ya mchanga kama vikombe kwenye sahani. Madogo yamejikusanya kwenye miguu ya makubwa, upande mmoja tu, ule maji yanakoelekea. Mimea haiko kila mahali. Iko kwa makundi, na kati ya makundi kuna pahala patupu, na pale patupu ndipo jicho linapoingilia. Nilichora kwenye daftari. Mwalimu aliliona akadhani ni kazi ya jiografia, akanipa alama saba.

Mara ya tano nilizamisha mawe nusu. Nilikiinamisha kisiki kikaanzia kushoto kikaishia karibu na katikati, na chini yake nikaacha pango. Ile mimea laini kama sufi niliifunga kwenye kisiki kwa uzi mweusi, na sasa imeshika yenyewe, uzi nimeuondoa. Nyuma nilipanda majani yale marefu kama utepe, kundi kubwa kushoto na shina chache tu kulia. Mbele kulia sikupanda kitu. Iliniuma kuacha pahala patupu, kwa sababu nilikuwa na mimea ya ziada na Mama alisema panaonekana kama nimesahau.

Siku hiyo Bibi alibaki ameelekea dirishani. Ya pili vilevile. Wiki ya kwanza nusu ya majani yalioza, na wiki ya tatu kioo kilishika kijani chote mpaka nikapunguza taa hadi saa sita kwa siku. Konokono wadogo walitokea ambao hakuna aliyewaalika, walikuja na mimea. Bibi anawaita wapangaji. Wiki ya tano utepe ulitoa jani jipya, jembamba, jekundu kidogo kwenye ncha. Nililipima kila asubuhi. Sikumwambia mtu.

Tarehe ishirini na mbili Aprili, Jumatano, nilikuwa navaa soksi nikasikia fimbo. Ilikuja polepole ikapita mlango wangu. Nilihesabu bila kutoka: kumi na nne. Nilipotoka, Bibi alikuwa amesimama mbele ya tangi, mkono mmoja kwenye kioo. Akasema bila kugeuka, "Watatu na mkia." Nilitazama. Shemeji alikuwa kwenye pango chini ya kisiki, na kweli ulionekana mkia tu. Bibi akasema, "Huyu amepata pa kujificha, kwa hiyo sasa ni kwake. Mke mwenza, nivutie kiti."

Tangu siku hiyo anakwenda kila asubuhi kuhesabu. Akimaliza anasema jibu kwa sauti ili sisi tulioko jikoni tusikie, na jibu ni lile lile. Kuanzia mwezi wa tano anakwenda na alasiri pia. Mtaalamu wa mazoezi alipokuja alimkunja goti akaandika kitu kwenye fomu, akauliza anatembezwa na nani. Bibi akamwonyesha Mkaguzi.

Sitaki kusema zaidi ya ninachokijua. Sisemi kwamba tangi likiondoka Bibi ataacha kutembea. Labda atatafuta kitu kingine cha kuhesabu. Sisemi pia kwamba shuleni litaharibika, ingawa maabara yetu inafungwa likizo nzima na funguo anakaa nazo mlinzi. Nimeandika niliyoyaona, na tarehe zake, na makosa yangu sikuyapunguza. Wale saba walikuwa wako, na niliwaua kwa usafi. Naomba unisamehe kwa hilo, na zaidi kwa kukaa kimya miezi minne.

Kuhusu nafasi, nimemuuliza Mama moja kwa moja. Alifikiri akasema tangi halimsumbui, linalomsumbua ni beseni. Baba alisema yeye alikata kioo cha tangi tu na hajaulizwa kilichomo ndani, lakini Jumamosi alikuja na mbao akaimarisha meza yake miguu yote minne bila kuombwa. Mwalimu nimemwomba asubiri neno lako. Hakukasirika. Alisema niandike, na akasema niandike vizuri.

Ukiamua liende shuleni, litakwenda. Nitalifungasha mwenyewe. Maji yake nitayabeba kwenye ndoo mbili, mimea kwenye gazeti lililoloa, na sponji nitaishika mkononi njia nzima ikiwa imelowa na chafu, ili wafanyakazi wafike wazima. Lakini natumaini utaamua vingine. Nimewaza kwamba mwezi wa nane, kama Mapovu atakubali, tungeongeza samaki watano. Sijamwambia Bibi kuhusu hao watano.

Mama anakusalimu sana, anasema wifi yake ale vizuri na aache kukaa na nguo mbichi. Baba anakusalimu kwa namna yake. Jirani wa ghorofa ya chini, yule fundi saa, anasema saa yako bado iko kwake na inakwenda. Nisalimie wenzako wote unaokaa nao, hasa yule mpishi anayekuchekesha. Mungu akulinde huko uliko, akupe afya na kazi yenye heri, na siku moja akulete uone mwenyewe.

Mimi ninayekupenda na kukungoja,
Binti wa kaka yako.

Nimeifungua bahasha tena. Ni Jumatatu, sijaenda shule bado. Bibi amekwenda sebuleni kama kawaida, nami nikangoja jikoni nisikie lile jibu. Alikaa kimya kirefu. Nikadhani labda amefariki mmoja, nikaenda. Taa ilikuwa ndiyo kwanza imewaka, hakuna aliyekuwa amelisha. Shemeji alikuwa ametoka pangoni, yuko pale patupu mbele kulia, mzima, hajifichi. Bibi amesema nikuandikie: wanne.